Kikohozi Kilichofuata Mwezi

Nyie mnaovaa sare sasa mna bahati yenu. Mama anaingia zahanati asubuhi, mtoto mzima kabisa, anakunyang'anya kalamu mezani na kukuchekea, na mama anasema, "Nesi, huyu usiku anakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta." Zamani tulimtazama mama huyo kama muongo. Siku hizi anatoa simu kwenye pindo la kanga, anakwambia subiri, na unakisikia kikohozi chenyewe. Mimi hiyo ya simu niliiwahi mwishoni mwishoni mwa kazi, na mtoto wa kwanza niliyemsikiliza hivyo alikuwa Yusufu wa Bangwe, kule ufukweni mwa ziwa. Nimestaafu, magoti yamegoma, majina ya watu yananitoka, lakini sauti niliyoisikia kwenye simu ile bado ninayo masikioni.

Kabla sijafika huko, niwaambie alichonifundisha Sista Veneranda, aliyenipokea kazini nikiwa msichana mwembamba. Najua hamtaamini kwamba niliwahi kuwa mwembamba, basi lirukeni hilo. Sista alikuwa Muha wa milimani, mkali, hana mchezo na mtu. Alisema mtoto akikohoa usiku, uulize analala wapi, analala na nani, anajifunika nini na jiko liko umbali gani. Kisha nenda ukaone kwa macho yako, kwa sababu mama atakusimulia nyumba anayoitamani na ataificha aliyonayo. Niliwahi kwenda Rusimbi kwa mtoto aliyekohoa miezi, mama yake ameapa haki ya Mungu kwamba nyumbani hakuna moshi. Nikakuta jogoo na mitetea yake wanalala uvunguni mwa kitanda cha mtoto. Nilipouliza, mama akanijibu, "Lakini nesi, kuku hawatoi moshi." Tukawahamisha kuku, mtoto akatulia, na mimi nikazawadiwa jogoo yuleyule, akawa ananiwikia dirishani mpaka nikamla.

Jambo jingine Sista alinifundisha bila kusema neno. Mnajua kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kimeo. Wako watu wengi wanaoamini kwamba mtoto akikohoa usiku, basi kimeo kimeshuka, kinamtekenya koo akilala chali, na dawa yake ni kukikata. Fundi wa kazi hiyo huja nyumbani na vifaa vyake kwenye mfuko. Jioni moja tuliletewa binti mdogo amefungwa kwenye kanga, kanga imeloa damu ya kimeo kilichokatwa. Sista alifunua, akatazama, akafunika taratibu. Tulikuwa tumechelewa. Akaketi sakafuni na sare yake ikiwa na damu, akamshika mama yule mkono mpaka ndugu zake wakaja kumchukua. Hakumgombeza hata kidogo. Mimi nilitaka kugombeza, nilikuwa na hasira ya kupasua ukuta.

Sasa Yusufu. Alikuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia bila kuanguka. Mama yake, Zaituni, alikuwa mjane. Mumewe Rajabu alikuwa mvuvi wa dagaa. Upepo uliwakuta katikati ya ziwa, wenzake wakarudi na mtumbwi na vitu vyake, yeye hakurudi. Walimtafuta ufukweni kote, wakauliza mpaka wavuvi wa ng'ambo ya Kongo, hakuonekana. Yusufu wakati huo alikuwa mchanga wa kunyonya, hata kukaa hajui.

Zaituni na mtoto waliishi kwa mama mkwe, nyumba iliyo juu kidogo ya maji. Mama huyo hakukubali matanga. Masheikh walipomshauri wasome hitima, aliwauliza, "Mnamsomea nani? Mmemwona wapi?" Watu wakaacha kusema. Na kwa kuwa Rajabu ndiye aliyekuwa mzaliwa wake wa kwanza, kila aliyepita mlangoni kwake alimsalimu kwa jina la mwanawe, "Shikamoo, Mama Rajabu," naye aliitikia, "Marahaba," uso mkavu, macho yako ziwani.

Siku Zaituni alipomleta mtoto, alikieleza kikohozi kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. "Nesi Pili," aliniambia, "kinakuja na giza, kinaondoka na mbalamwezi."

Wale mnaotoka mikoa mingine mtadhani alimaanisha usiku na mchana. Dagaa wetu wanavuliwa kwenye giza, yaani siku ambazo mwezi haupo. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri, na dagaa wanaifuata taa. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi inapumzika. Ukisimama Bangwe usiku wa giza unaona taa zimetanda ziwani, utasema kuna mji umeota humo ndani. Basi Zaituni alikuwa akiniambia kwamba taa zile zikionekana, mtoto wake anakohoa. Taa zikizimwa kwa ajili ya mwezi, anapumua vizuri, analala kama mtoto wa mtu mwingine. Na kikohozi kilianza baada ya baba yake kupotea.

Nilisisimka mwili, sitawadanganya. Lakini kazi ni kazi. Daktari wetu, kijana makini aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, alimsikiliza kifua akakuta mluzi mwembamba, kama filimbi ya mbali. Tukampeleka kupimwa kifua kikuu, maana kikohozi kikipita wiki mbili hukichezei, na hakuwa nacho. Uzito uko sawa, homa hana. Daktari akampa dawa ya kuvuta, akaniambia, "Nesi, kuna kitu nyumbani kinakiwasha hiki kifua. Hicho kitu mimi siwezi kukiona nikiwa hapa."

Ndipo Zaituni akaniletea simu. Siku za giza alikuwa akiondoka kabla ya alfajiri kwenda Kibirizi, kupokea mitumbwi na kununua dagaa wa kuanika, na mtoto anabaki na bibi yake aliyelala chumba cha pili. Usiku mmoja akaiacha simu dirishani, inarekodi.

Tulijifungia chumba cha dawa, tukasikiliza. Kwanza kimya na mawimbi. Kisha ikaja sauti ya mvua. Haikuwa mvua kubwa, ilikuwa chakacha, chakacha, kama manyunyu juu ya nailoni, nayo ilikuwa inasogea. Ilisogea mpaka ikawa karibu kabisa na simu, ikakoma. Yusufu akacheka. Alicheka kile kicheko cha mtoto aliyepokelewa na mtu anayemjua. Kisha kimya kirefu, halafu kikohozi: kirefu, kimelowa, cha mtu aliyetolewa majini.

"Umeisikia mvua?" Zaituni aliniuliza.

"Nimeisikia."

"Nesi, hiki ni kiangazi. Ardhi ilikuwa kavu."

"Mama mkwe anasemaje?"

Zaituni aliinamisha kichwa. "Anasema hakusikia mvua. Anasema Rajabu amemkumbuka mwanawe. Taa zikiwaka, anaona njia ya kurudi."

Nilikwenda nyumbani kwao mchana kweupe, na nilikwenda mchana kwa makusudi. Nikakuta magunia ya dagaa wakavu yamepangwa chumbani kwa mtoto mpaka usawa wa dirisha, kwa kuogopa wezi. Vumbi lake ukilivuta tu unapiga chafya. Nikajiona bingwa! Nikayahamishia kwa jirani, dirisha likafunguliwa, blanketi likafuliwa na kuanikwa juani. Mama Rajabu alinitazama nikihangaika, hakunisaidia wala hakunizuia. Nikaondoka kifua mbele.

Giza lililofuata, Yusufu akakohoa vilevile. Bingwa akanywea.

Mchana mmoja Zaituni akaja zahanati mbio, mtoto begani. Alfajiri ile midomo ya Yusufu ilikuwa imegeuka rangi. Sikilizeni hapa vizuri: mtoto akipumua mbiombio, mbavu zikizama ndani kila akivuta pumzi, midomo ikawa ya bluu, hasubiriwi asubuhi, anakimbizwa saa hiyohiyo. Nilimwambia hivyo kwa ukali, nikajuta papo hapo, nikamvutia kiti. Daktari akamtuliza mtoto kwa dawa, akampa rufaa ya kwenda hospitali kesho yake, kwa kuwa pumzi zilikuwa zimerudi sawa. Ndipo Zaituni akatoa kilichomleta.

"Mama mkwe ameshamwita mzee wa vimeo. Anaingia kesho asubuhi. Mama ameogopa, nesi, hajalala. Wanawake wa jirani wamemwambia ni kimeo, naye amekishikilia hicho."

"Kataa. Mtoto ni wako."

"Nikikataa halafu mtoto akafa? Ataniambia Rajabu amekwenda, na huyu nimemwachia aende. Nitamwangalia kwa macho gani?" Alinishika mkono. "Njoo ulale kwangu leo. Ukiona ni kitu cha kwenu, cha hospitali, umwambie wewe. Kama si cha kwenu, basi..."

Nilikwenda. Nilibeba dawa ya kuvuta na chupa ya maji ya plastiki niliyoitoboa kitako, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja. Unaipulizia ndani ya chupa, naye anapumua mdomoni mwa chupa kwa raha zake. Mama Rajabu alikuwa ameshaingia kulala nilipofika. Zaituni alinitandikia mkeka chini, ubavuni mwa kitanda cha mtoto, na muda wake wa Kibirizi ulipofika akajifunga kanga, akatoka kimyakimya kama tulivyopanga, ili usiku uwe kama ule wa siku zote.

Nikabaki. Taa za ziwani ziliingia dirishani na kucheza ukutani. Yusufu alikuwa anapumua vizuri, nilimhesabia pumzi kwa mazoea, hana shida yoyote. Magunia hayapo, blanketi safi, dirisha wazi. Nikajiambia kama kuna kitu cha kumkohoza mtoto huyu, basi hakijafika bado. Nilipolifikiria hilo neno, bado, nilitamani nisingelifikiria.

Ikaja mvua. Chakacha, chakacha. Ilitokea ndani ya nyumba, kwenye korido.

Harufu ilitangulia: petroli ya mashine, dagaa, na ukungu wa kitu kilichofungiwa kikiwa kibichi. Kisha mlango ukasukumwa na mtu akasimama pale, mwanamume kwa umbo, koti refu la mvua, kofia yake imefunika uso, mikono mirefu imening'inia mpaka chini. Nilianza Ayatul Kursi moyoni nikakwama katikati, mimi niliyeisoma madrasa ya Ujiji tangu meno hayajaota vizuri. Mtu yule akapita hatua moja kutoka kichwani kwangu. Akapiga magoti kitandani. Yusufu akaamka, akanyoosha mikono, akasema waziwazi, "Baba."

"Ndi hano," yule mtu akanong'ona kwa Kiha. Nipo hapa. Akamwingiza mtoto ndani ya koti, kifuani, akamfunika mpaka kichwa.

Sauti ilikuwa ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya Mama Rajabu.

Nikabaki nimelala nikitazama. Alikuwa anambembeleza, anayumba naye polepole, na koti linachakacha kama mvua ya kwenye simu. Muda si muda kikaanza. Kwanza kidogo, kisha kile kirefu kilicholowa. Bibi akamkumbatia zaidi, akalivuta koti limzibe zaidi, akawa anasema, "Mwache, Rajabu, mwache mwanangu, usimvute." Hapo hofu yangu yote ikageuka huruma. Nikawasha tochi ya simu.

Hakushtuka. Alinitazama tu, kofia imemwangukia mabegani, uso wa mtu aliyechoka kupita kiasi.

"Mama," nikamwambia, "nipe mtoto."

Akanipa. Nilitoka naye nje kwenye hewa, nikamketisha pajani, chupa mdomoni, nikampulizia dawa. Taratibu kikohozi kikalegea. Mama Rajabu alitufuata akasimama mbali, na nilipomwomba asisogee na koti lile, akarudi nyuma kama mtoto aliyekaripiwa.

Baadaye akaniambia yote, tumeketi barazani, Yusufu amelala kwangu. Koti lilirudi na mtumbwi, limeloa. Alilifunga vilevile kwenye mfuko wa nailoni akaliweka sandukuni kwake. Hakulifua. "Ningefua nini? Ndiyo harufu yake. Sina kaburi, nesi. Nina harufu." Mbalamwezi ikiwapo, Zaituni hulala na mwanawe, koti hubaki sandukuni. Giza likija, mama yake anakwenda Kibirizi, mtoto anaamka analia, na bibi anavaa koti ili mtoto asimsahau baba yake. "Akinusa tu anatulia. Anaita baba. Mimi sikumfundisha hilo neno, naapa. Kisha anakohoa, nikajua baba yake anamtaka kule aliko."

Hilo la neno sijui niwaambie nini. Mtoto aliyepotelewa na baba kabla hajajua kukaa, neno lile aliliunganisha vipi na harufu ile? Nimefanya kazi miaka mingi na sina jibu, na nyie msijifanye mnalo.

Mama Rajabu hakuwa mjinga. Alimtazama mtoto anavyopumua, akalitazama koti, akarudi kwa mtoto. "Ni mimi?" akauliza.

"Ni koti, mama. Lina ukungu. Kifua chake hakiwezi."

"Wataka nilichome?"

"Lifue tu. Sabuni na jua. Halafu ukitaka mfunike nalo hata kesho kutwa."

"Likifuliwa litabaki na nini?"

Nitakachowaambia ni kwamba sikulichukua koti lile. Ningeweza kulinyakua, nikamwitia daktari, nikamwitia mwenyekiti wa mtaa, na mzee wa vimeo tungemfukuza asubuhi hiyo. Lakini mzee huyo angerudi giza lijalo, mimi nikiwa nimelala kwangu. Mwenye kuamua alikuwa yule mama, na nilikaa naye huku nimemshika mtoto wa watu kifuani, nikimwomba Mungu mama huyo aamue vizuri.

Kulipopambazuka aliinuka. Alichukua mche wa sabuni, akashuka majini na koti mkononi. Nilimwona kutoka juu amejitosa mpaka magotini. Aliosha polepole, kwanza kofia, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, akigeuza kwa upole, na midomo yake ilikuwa inasoma dua. Maji yalichafuka yakamzunguka, kisha yakasafika. Alipolikamua alilinusa, akalishika usoni muda mrefu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nami nililia, mtu mzima na sare yangu.

Zaituni alirudi kutoka Kibirizi na ndoo kichwani, akalikuta koti la mumewe linachuruzika kwenye kamba. Aliitua ndoo chini. Akamchukua Yusufu kwangu, akaweka sikio kifuani kwake kama alivyoniona nikifanya.

Mzee wa vimeo naye hakuchelewa. Alipanda na njia, mfuko wa ngozi begani, mtu mpole wa sura, kofia ya kufuma kichwani.

"Hodi hapa."

"Karibu," Mama Rajabu akamjibu. Alikuwa amesimama chini ya koti, mikono bado ina povu.

"Mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Mtoto amelala. Usimwamshe. Sisi hapa tuna msiba."

Mzee akavua kofia. "Poleni sana. Sikuambiwa. Nani amefariki?"

"Rajabu," akasema. "Mwanangu. Nimemwosha asubuhi hii."

Yule mzee alinitazama mimi, akamtazama Zaituni. Akaweka mfuko wake chini ukutani, akaketi barazani kama wanavyoketi waliokuja kuhani, na hakuna aliyemwambia aondoke.